Eti "mtandao uko chini"!

Wadau, leo nina hasira, mtanisamehe.

Wiki iliyopita nilikuwa kwenye foleni ya ofisi moja hapa Bukoba (jina nalihifadhi). Mbele yangu alikuwepo bibi aliyetoka Kamachumu, wilayani Muleba, kwa haisi ya alfajiri. Alitaka kontro namba tu akalipie kiwanja chake. Karani hata uso hakuinua: "Mtandao uko chini, rudi kesho." Bibi akajibu kwa upole: "Waitu mwanangu, hata jana uliniambia hivyo hivyo."

Siku mbili, nauli mara nne. Hesabu mwenyewe ni mikungu mingapi ya ndizi.

Sasa sikieni ajabu. Simu yangu mfukoni ilikuwa na intaneti safi. Ghorofani wakubwa walikuwa wanasoma barua pepe zao kama kawaida. Ni mtandao upi huo ulio chini?

Kazi yangu ni kuuliza, nikauliza. Kumbe radi ilikuwa imeunguza swichi. Wakaleta nyingine, wakanakili mipangilio ya ile ya zamani, wakaondoka. Swichi moja hugawanywa kuwa mitandao kadhaa isiyoingiliana, ndiyo VLAN: wakubwa na yao, dirishani na yao. Kila moja ina mlango wake wa kutokea, yaani intafesi. Ya dirishani ilikuwa VLAN 20, na mlango wake ulikuwa umezimika.

Kwa nini? Kwenye swichi nyingi za Cisco, orodha ya VLAN hukaa katika faili la pembeni, vlan.dat. Ukinakili mipangilio peke yake, unabeba mlango na kuacha chumba. Wakubwa wao walikuwa VLAN 1, ambayo swichi hutoka nayo kiwandani, ndiyo maana hawakuguswa. Hata swichi inajua nani mkubwa!

Kulijua tatizo hakuhitaji uchawi. Unaandika "show vlan brief" na kuangalia: 20 imo? Kama imo, kuna hata kompyuta moja inayowaka kwenye tundu zake? Waya unaounganisha swichi na swichi umeruhusiwa kupitisha namba hiyo? Kuna mtu aliufunga mlango kwa amri ya "shutdown"? Maswali manne, basi.

Na aliyenieleza haya ni kijana wa ofisi hiyo hiyo, ana digrii yake, aliyelijua tatizo tangu siku ya kwanza. Ila paswedi ya kurekebisha hana. Karuhusiwa kutazama, si kugusa. Ikabidi mtaalamu aje kutoka Mwanza. Alifika siku ya tatu, akaandika "vlan 20", mlango ukafunguka. Kazi dakika mbili, posho ya safari siku tatu.

Mtaniambia: usalama, paswedi haigawiwi kama njugu. Nakubali. Lakini usalama ni kila fundi awe na akaunti yake, ijulikane nani kaingia na kafanya nini. Kumfungia nje fundi aliyepo, nyumba ikiungua, huo si usalama hata kidogo.

Tangu 2009 nchi hii inachimba ardhi kulaza Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano, na mwaka huo huo waya wa baharini wa SEACOM ukafika Dar es Salaam. Tumevuka bahari na mapori, tunakuja kukwama kwenye kabati la ofisini!

Sidai makubwa. Kijana wa hapa apewe akaunti yake. Nakala za mipangilio zihifadhiwe pamoja na hiyo vlan.dat. Na karani aseme ukweli: "Swichi yetu ni mbovu, tuachie namba tutakupigia." Hiyo simu moja ingemwokolea bibi nauli.

Siku mlango ulipofunguka nilimtafuta kwenye foleni. Hakuwepo.

Kwa hiyo, wadau, mkiambiwa tena "mtandao uko chini", msigeuke kimya kimya. Ulizeni: upi, na nani ana paswedi?