Anayekwepa na Anayelipia

Msimu wa korosho ukikaribia kufunguliwa hapa Mtwara, onyo hutangulia. Kiongozi wa wilaya atalitoa kwenye mkutano wa hadhara, redio italirudia, mwenyekiti wa kijiji atalifikisha hadi kitongoji cha mwisho: atakayekutwa na kangomba, yaani korosho inayouzwa kwa bakuli nje ya mfumo rasmi, atachukuliwa hatua kali. Msimu utakwenda, kangomba itanunuliwa Tandahimba, Newala, Nanyamba na Masasi, usiku na hata mchana kweupe, na mwaka ujao onyo litasomwa tena kwa maneno yale yale.

Toleo hili la gazeti letu tumelitoa lote kwa habari ya ukwepaji, kwa sababu mkoani kwetu shutuma hiyo hutupwa upande mmoja tu. Mkulima anayemuuzia jirani bakuli mbili za korosho ni mkwepaji wa mfumo. Kijana anayevusha madumu ya mafuta ya kula pale Kilambo, mpakani na Msumbiji, ni mkwepaji wa ushuru. Mvuvi asiye na leseni naye yumo. Ofisi inayokaa na fedha ya mkulima mpaka mwanawe anarudishwa nyumbani kwa kukosa sare haijapata jina. Msimamo wetu ni kwamba kabla ya kumhukumu mkwepaji tumtafute kwanza anayelipia. Mtu akikikimbia kitu, mzigo wake haupotei hewani, kuna bega litakaloubeba. Yako mabega ya aina mbili, la mkwepaji mwenyewe na la mwenzake, na sheria zetu nyingi hazijali kuyatofautisha.

Tuanze na mto, maana ukanda huu umejengwa na watu waliokwepa. Mwaka 1886 Wajerumani na Wareno walikubaliana Ruvuma iwe mpaka wao. Mwaka 1894 Wajerumani wakavuka na kuichukua Kionga, kusini mwa mlango wa mto. Mwaka 1916 Wareno wakairudisha mikononi mwao. Mtu wa Kionga alibadilishiwa serikali mara mbili bila kuhamisha hata jiwe la jikoni. Kusini zaidi, Kampuni ya Niassa ilitawala Cabo Delgado hadi 1929 kwa kodi ya nyumba na kazi ya shuruti, ile waliyoiita chibalo. Kampuni ilipoondoka, dola ya Kireno ikaendelea na shuruti hiyo, na kuanzia 1938 ikaongeza kilimo cha lazima cha pamba: familia ililazimishwa kulima zao lisiloliwa na kuliuza kwa bei iliyopangwa na wengine.

Wamakonde wa ng'ambo wakavuka. Walikuja kwa mitumbwi, na wakati wa kiangazi wakakanyaga michanga ya mto kwa miguu, wakaingia kwenye mashamba ya mkonge ya Lindi na Mtwara na wengine wakafika hadi Tanga. Huku tuliwaita Wamawia, na jina hilo halikusemwa kwa heshima kila mara. Waliacha mashamba na makaburi ya wazee wao, wakaishi kambini, wakakata mkonge wenye miiba kwa ujira mdogo. Baada ya mauaji ya Mueda ya tarehe 16 Juni 1960 wakaja wengine wengi zaidi, na miaka miwili baadaye FRELIMO, chama cha ukombozi wa Msumbiji, ikaundwa Dar es Salaam. Mbele ya Mreno watu hawa walikuwa wakwepaji wa kodi na watoro wa kazi. Gharama ya utoro wao waliilipa wenyewe, tena kwa jasho, na nchi hii ikapata kutoka kwao wafanyakazi, majirani na uchongaji wa mpingo tunaojivunia leo mbele ya wageni.

Kwa hiyo inaniuma kuukumbuka mwaka 2021. Palma, mji wa Cabo Delgado, ulishambuliwa na wapiganaji wenye silaha tarehe 24 Machi mwaka huo, watu wakakimbilia mto ule ule, na Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi likaeleza wasiwasi wake juu ya maelfu waliorudishwa Msumbiji. Hofu ya upande wetu ilikuwa na sababu: Kitaya, kijiji cha Mtwara kando ya Ruvuma, kilivamiwa Oktoba 2020, watu wakauawa na nyumba zikachomwa. Serikali ina wajibu wa kulinda mpaka. Hata hivyo mama aliyebeba mtoto mgongoni akiukimbia upanga hana mzigo wa kumtupia mtu. Kumhesabu pamoja na waliomfukuza ni kosa, na gazeti hili litaendelea kusema hivyo.

Sasa kangomba, ambayo ndiyo imechukua kurasa nyingi za toleo hili.

Wasomaji wa mbali wanahitaji maelezo kidogo. Tangu msimu wa 2007/08 korosho ya Mtwara inauzwa kwa stakabadhi ghalani. Mkulima anaipeleka kwenye AMCOS, yaani chama cha msingi cha ushirika cha kijiji, inapimwa na kupangwa daraja, anapewa stakabadhi, mzigo unakwenda ghala kuu, chama kikuu, yaani MAMCU au TANECU, kinaitisha mnada, mnunuzi analipa, makato yanaondolewa, kinachobaki kinaingia benki kwa jina la mkulima. Kwenye karatasi sioni dosari kubwa, na kwa matokeo pia mfumo huu umewahi kutubeba: katika baadhi ya minada ya msimu wa 2017/18 kilo moja ilivuka shilingi 4,000, bei ambayo mnunuzi wa barazani asingeitaja hata usingizini. Siandiki haya kutaka stakabadhi ifutwe.

Tatizo ni kalenda. Korosho inaanguka kuanzia Septemba au Oktoba. Njaa ya nyumbani inakuja Februari na Machi, mahindi ya mwaka jana yamekwisha na ya mwaka huu bado mabichi. Katikati yake kuna Januari ya sare na madaftari. Salfa ya kupulizia mikorosho inatakiwa kuanzia Juni. Ugonjwa na msiba havina msimu. Mnunuzi wa kangomba anaijua kalenda hii kuliko ofisa yeyote wa ushirika. Anafika mlangoni Machi, bila fomu, na noti mkononi. Anamwamkia bibi vizuri, anauliza hali ya mgonjwa, anatoa fedha papo hapo. Hapimi kwa mzani. Anahesabu bakuli, na bakuli lake hujazwa mpaka kilemba kisimame, zinazodondoka pembeni haziingii kwenye hesabu. Msimu ukifika anakuja kuchukua chake, kwa bei ya njaa ile ya Machi. Wengine huweka rehani mikorosho yenyewe, wakawa vibarua chini ya miti iliyopandwa na babu zao.

Ukiuliza nani analipia ukwepaji huu, jibu liko wazi: kwa sehemu kubwa analipia mkulima mwenyewe. Ushirika unakosa ushuru wake, na halmashauri pia, hilo nalikubali. Lakini hasara kubwa inabaki kwa aliyeuza bakuli kwa bei ya kutupa. Hakuna mtu mwenye akili timamu anayeukimbia mnada wa bei nzuri kwenda kwenye bakuli lenye kilemba kwa sababu ya ukaidi. Anakwenda kwa sababu bakuli linalipa leo. Hao wanaomwita mjinga hawajawahi kusubiri malipo ya pili.

Nimeyataja malipo ya pili kwa makusudi. Miaka ya mwanzo ya mfumo mkulima alipewa malipo ya kwanza kwa mkopo wa benki, kisha akasubiri nyongeza baada ya mauzo. Aprili 2013 huko Liwale, mkoa jirani wa Lindi, nyongeza ilikuja pungufu na nyumba zikachomwa moto. Oktoba 2018 wakulima wa huku wakazikataa bei za mnada. Novemba Rais Magufuli akatangaza kwamba serikali itanunua korosho yote kwa shilingi 3,300 kwa kilo na jeshi likakabidhiwa kazi ya kuisomba. Bei ile ilipokelewa kwa shangwe, na haki yake. Kisha ukaja uhakiki: mwenye kilo nyingi aonyeshe shamba lake, ili wanunuzi wa kangomba wachujwe. Waliochujwa walikuwepo. Ila nyuma yao walipangwa foleni wakulima halali wasio na hati ya shamba lolote, maana mikorosho ya kwetu hurithiwa kwa neno la mjomba na mpaka wake ni mwembe. Miezi ikapita. Baadhi waliingia msimu wa salfa wa 2019 hawajaona fedha zao, na waliowakopesha salfa walikuwa nani? Wale wale waliokuwa wakitafutwa.

Iko aina ya ukwepaji isiyostahili huruma hii hata kidogo, nayo tunaijua watu wa pwani. Anayevua kwa baruti anakwepa kazi ya bahari: kusuka dema, kungoja bamvua, kurudi mtupu siku ambayo bahari imenyima. Chupa moja yenye utambi, mlio, samaki wanaelea matumbo juu wakiwa wamepasuka vibofu ndani. Wengi hawaelei, wanazama na kuozea chini. Tumbawe linabaki kifusi na halirudi katika maisha ya mvuvi yule. Jioni ana fedha, na anayelipia ni kila mwenye mshipi kutoka Msimbati hadi Msanga Mkuu, pamoja na watoto wao. Sheria imeukataza uvuvi huu tangu zamani, na tangu mwaka 2000 tuna Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, lakini kwa miaka mingi mlipuko ulisikika na waliokamatwa walikuwa wachache.

Walioubadilisha upepo walikuwa wanakijiji. Katika miaka ya 1990, kwa msaada wa mradi wa RIPS uliofadhiliwa na Ufini, wavuvi wa pwani ya kusini walisimama mbele ya kamera ya video na kueleza wanayoyaona, pamoja na jinsi baruti ilivyopata walinzi ndani ya ofisi. Mikanda ile ikaonyeshwa vijijini na mbele ya viongozi. Wakaunda umoja wao, Shirikisho, wakadai jeshi la majini liingilie, na kwa muda milio ikapungua sana. Ninaipenda habari hii kwa sababu moja: kiongozi aliyezoea kujibu kwamba hana taarifa alikalishwa chumba kimoja na taarifa yenyewe, inasema, ina sura na jina la kijiji.

Kukwepa jibu ndiko ninakokuogopa zaidi, kwa kuwa hakuna askari anayetumwa kukuzuia. Tarehe 27 Desemba 2012 watu wa Mtwara waliandamana kuuliza gesi ya Mnazi Bay itaacha nini hapa kabla ya kupelekwa Dar es Salaam. Walijibiwa kwa kushutumiwa kabla ya kujibiwa kwa hesabu, na Mei 2013 mji ukaungua, watu wakafa. Bomba lilijengwa. Swali la viwanda vilivyotarajiwa kutokana na gesi hiyo bado linapewa majibu ya "mchakato unaendelea". Kwenye korosho nako jibu lilikwepwa: mwaka 2018 sheria ilirekebishwa ili ushuru wa korosho ghafi inayosafirishwa nje uende wote Mfuko Mkuu wa Serikali, wakati awali asilimia 65 ilirudi kuendeleza zao hili, ikiwemo pembejeo. Wabunge wa kusini walipinga kwa sauti kubwa bungeni. Serikali haikukwepa sheria yoyote, ilitunga mpya. Lakini mkulima ndiye aliyekwenda kutafuta salfa kwa mkopeshaji wa Machi.

Kwa hiyo gazeti hili lina ombi moja kwa vyama vya msingi vya Mtwara, Tandahimba, Newala, Nanyumbu na Masasi. Msimu utakapofunguliwa, kila AMCOS ibandike ubaoni tarehe ya kila mnada, bei iliyopatikana, makato moja moja, na siku fedha zilipoingia benki. Sisi tutaomba taarifa hizo kwa barua kila mwezi kuanzia Oktoba, na tutazichapisha ukurasa wa pili kama zilivyo. Chama kisichojibu kitaandikwa jina lake na nafasi yake itaachwa wazi, mwezi baada ya mwezi, mpaka Machi.