UKURASA WA MALEZI: Filamu ikiisha, mtoto anabaki na maswali

Mwezi huu nataka tuongee juu ya filamu na dini. Labda utasema, mwalimu, filamu na dini zinahusiana nini? Zinahusiana sana. Hapa kambini mtoto anakwenda kanisani mara moja kwa juma, au anakwenda madrasa saa moja mbili. Lakini kwenye kibanda cha video anakaa jioni nzima. Kwa hiyo mambo mengi anayoamini kuhusu Mungu, malaika, shetani na wachawi, hakufundishwa na mchungaji wala na shehe. Ameyaona kwenye video.

Nilipowaambia watoto wa darasa la tatu wachore Yesu, karibu wote walichora mtu mmoja: nywele zilezile, ndevu zilezile, kanzu ileile. Nikawauliza mmemjuaje? Wakasema, "Mwalimu, si tulimwona!" Walimwona kwenye ile filamu ya Yesu inayoonyeshwa usiku uwanjani. Filamu ile ilitoka mwaka 1979. Ilipigwa kule Israeli, ikafuata Injili ya Luka, na mpaka leo imetafsiriwa katika lugha zaidi ya 2,000, Kiswahili kikiwamo. Yule tunayemwona ni mwigizaji, Mwingereza anayeitwa Brian Deacon. Mtu mzima anajua hilo bila kuambiwa. Mtoto hajui. Mmoja aliniuliza kwa sauti ndogo, "Yule baba waliyempigilia misumari, alipona?" Mtoto huyo alikuwa amelala na swali hilo siku nyingi, na nyumbani hakuna aliyemuuliza ameona nini.

Ndugu zetu Waislamu nao wana filamu yao, The Message ya mwaka 1976, ya Moustapha Akkad, mzaliwa wa Aleppo, Syria. Ilipigwa mara mbili, kwa Kiingereza na kwa Kiarabu, na waigizaji wakubwa tofauti. Humo ndani Mtume haonekani, wala sauti yake haisikiki. Unaona ngamia wake, unaona fimbo yake, na watu wanaongea naye wakitazama kamera. Mtoto akiuliza, "Mbona yeye simwoni?", hilo ni swali zuri sana. Baba au mama akilijibu vizuri, mtoto amepata somo kubwa la heshima ya dini yake. Akiambiwa "nyamaza, lala", somo limepotea.

Sasa tufike kwenye jambo linaloniumiza. Ziko filamu za uchawi, nyingi kutoka Nigeria, na mtafsiri anaongea juu yake kwa Kiswahili. Huyo mtafsiri naye anaongeza maneno yake ili watu wapige kelele. Filamu moja ya mwaka 1999, End of the Wicked, ilionyesha watoto wanaotoka usiku kwenda kuroga na kuua watu wa nyumbani mwao. Watetezi wa haki za watoto waliilaumu sana, wakisema inawafanya watu waone wachawi katika watoto wao wenyewe.

Jambo la namna hiyo tumelipata hapahapa. Mtoto mmoja, yatima, alikuwa analelewa na shangazi yake. Alikuwa anakojoa kitandani na kuongea usingizini, kama watoto wengi walioona vita. Wenzake walipotoka kwenye video wakaanza kusema, eti hata yule wa kwenye filamu alikuwa anaongea usiku hivyohivyo. Maneno yakafika kwa watu wazima. Mtoto akaanza kula peke yake nyuma ya nyumba, na watoto wa jirani wakakatazwa kucheza naye. Darasani akanyamaza kabisa. Ikabidi kiongozi wa bloku, mchungaji na watu wa ulinzi wa mtoto wakae na ile familia mara tatu. Leo anakula na wenzake. Lakini je, kama asingekuwepo mtu wa kuuliza?

Sisi tuliotoka Kongo tujue pia kwamba sheria ya kwetu inakataza jambo hili. Katiba ya mwaka 2006 inakataza kumshtaki mtoto kwa uchawi, na sheria ya ulinzi wa mtoto ya mwaka 2009 inamwadhibu anayefanya hivyo. Kuamini Mungu ni haki yako. Kumtesa mtoto kwa sababu ya video hakuna dini inayokutuma.

Sisemi tuvunje vibanda vya video. Filamu ni furaha, na hapa kambini furaha si nyingi. Ninachosema ni kwamba filamu ikiisha, mazungumzo yaanze.

Siku hizi kuna mazungumzo ya kurekodi, wanayaita podikasti. Vijana wanapeana kwa memori kadi, simu kwa simu. Watu wawili watatu wanakaa, wanaongea juu ya filamu waliyoiona na jinsi walivyolelewa katika dini. Nikisikiliza, nasikia mtu mzima akieleza filamu iliyomtisha akiwa na miaka saba, akamwogopa Mungu mpaka ukubwani, kwa sababu hakupata wa kumuuliza. Amengoja miaka mingi kulisema. Watoto wetu wasingoje hivyo. Na huhitaji simu wala chaji. Moto wa jioni unatosha. Muulize mtoto maneno haya manne:

1. Umeona nini? Mwache asimulie mwenyewe, usimkatize.
2. Wapi uliogopa? Usimcheke. Hata mtoto mkubwa wa kiume anaogopa.
3. Walifanyaje vile? Mweleze kwamba damu ile ni rangi, kwamba mtu anapotea kwa sababu kamera imesimamishwa, na kwamba aliyekufa aliamka akaenda kula.
4. Dini yetu inasemaje? Kama jibu hulijui, mwambie, "Kesho tutamuuliza mchungaji," au shehe, au katekista. Kisha mwende kweli.

Na kabla hujampa hela ya kuingia, uliza wanaonyesha nini leo. Wadogo wasiende usiku. Wenye vibanda nao ni wazazi, tuongee nao kwa upole. Na ukisikia mtoto yeyote anaitwa mchawi, usinyamaze ukasema ni mambo ya nyumba ya watu. Mwambie kiongozi wa bloku au watu wa ulinzi wa mtoto siku ileile.

Watoto wenu wakiuliza swali gumu juu ya filamu na Mungu, liandikeni kwenye karatasi mpeleke ofisi ya shule. Mwezi ujao tutachagua machache tuyajibu hapa, na tutawaomba viongozi wa dini zote watusaidie.

Mbaki na amani.

Mwalimu wenu wa kujitolea