Cherehani cha Barazani na Cherehani cha Chumbani

Liko neno ambalo limezoea kusemwa makanisani, katika mikutano ya wazazi na hata katika maonyo wapewayo maarusi, nalo ni hili: kwamba mama mwema hushona kwa mkono wake nguo za watu wa nyumbani mwake, na kwamba mama anunuaye nguo zilizokwisha kushonwa ni mvivu au mpotevu wa fedha. Wasemao hivyo hutuonyeshea kidole sisi akina mama wa mjini, hasa tukaao Dar es Salaam karibu na Kariakoo, ati tumesahau sindano. Mimi ni mwalimu wa shule na mama wa watoto, nami nashona. Kwa hiyo siandiki kwa kuitetea mikono isiyotaka kazi. Naandika kwa sababu neno hilo si kweli, tena lina udhalimu ndani yake, na udhalimu wenyewe huonekana na kila mtu apitaye Kariakoo kwa miguu huku macho yake yamefumbuka.

Ninyi mlioko vijijini msiopajua mahali hapa, jueni kwamba jina la Kariakoo lilitoka katika Vita Kuu ya Kwanza. Waingereza walipoutwaa mji mwaka 1916 waliweka hapo kambi ya wapagazi wa jeshi, walioitwa Carrier Corps, nasi tukalitamka jina hilo kwa namna yetu. Jengo la soko tulijualo lilifunguliwa mwaka 1975, na mwezi wa Julai 2021 liliungua moto. Lakini biashara ya Kariakoo haikukaa kamwe ndani ya jengo peke yake. Imejaa mitaani: Msimbazi, Kongo, Swahili, Mchikichi, hata Mtaa wa Uhuru, ambako tangu zamani huuzwa khanga na vitenge. Ukipita huko utaona mbele ya maduka ya vitambaa vyerehani vimepangwa barazani, vya mguu na vya umeme, na mafundi wameviinamia.

Watazameni hao mafundi. Wengi wao ni wanaume. Mwanamume hupima kwa futi kamba, mwanamume hukata, mwanamume hupanga marinda ya sketi na kutia mikono ya gauni la bibi arusi. Hapana mtu amwambiaye kwamba ameshika kazi ya kike, wala hapana mtoto amchekaye. Jioni hufunika cherehani chake, hupokea fedha zake, akaenda zake.

Basi mfuateni nyumbani. Suruali ya mwanawe imepasuka magotini. Je, ataishona? Mara nyingi sivyo. Atamwambia mkewe, "Mama, mtoto huyu hana suruali ya kesho," naye ataketi kungoja chakula. Mikono ile ile iliyoshona tangu asubuhi nguo za watu asiowajua, ikivuka kizingiti cha nyumba yake hupoteza ufundi wote. Sisemi wote ni hivyo. Wako mafundi wanaoshonea watoto wao wenyewe, nami nawajua baadhi yao. Nasema desturi tuliyoikubali ni hiyo: sindano yenye mshahara ni ya baba, na sindano isiyo na mshahara ni ya mama. Cherehani cha barazani huitwa kazi. Cherehani cha chumbani huitwa tabia njema.

Watu hunijibu kwamba hayo ndiyo mambo ya mababu. Hasha, mababu hawakuwa hivyo. Nguo za bibi zetu, kaniki na merikani, na khanga zilipokuja mwishoni mwa karne ya 19, hazikuwa nguo za kushonwa. Zilikuwa nguo za kujifunga. Hata leo doti ya khanga hukatwa katikati ikapindwa, basi. Nguo iliyoshonwa katika miji ya pwani ilikuwa kanzu, na mafundi wa kanzu kwa kawaida walikuwa wanaume. Ama kofia za viua, hizo ziko pande ambako hudariziwa na wanaume na wanawake pia, na hapana aonaye haya.

Lile wazo la kwamba msichana ndiye wa sindano lilipata nguvu nyingi katika shule za misheni. Wamisionari wa UMCA walipoanzisha shule ya wasichana Mbweni, Unguja, katika miaka ya 1870, kwa ajili ya wasichana waliookolewa utumwani, waliwafundisha pamoja na kusoma kazi ya kushona. Wavulana wa Kiungani walifundishwa ili wawe walimu na makasisi. Siwalaumu waalimu wale. Walileta walichokijua kwao, na wengi wetu tumesoma kwa sababu yao. Lakini jambo lililoletwa na meli tusiliite jambo la mababu.

Wengine hunijibu kwamba mama zetu walishona, tena bila kulalamika. Kweli walishona. Lakini kumbukeni miaka yenyewe ilikuwaje. Kiwanda cha Urafiki kilianza kazi Ubungo mwaka 1968 kwa msaada wa Uchina, na vitambaa vyake vilivaliwa nchi nzima; kisha mwanzoni mwa miaka ya 1980 maduka yalikuwa matupu, na mtu aliyepata yadi chache za kitambaa alizishika kama mali. Wakati ule nguo iliyoshonwa tayari ilikuwa haipatikani, au bei yake haifikiki. Mama alishona kwa kuwa hapakuwa na njia nyingine. Mwaka 1984 serikali iliporuhusu wenye fedha zao za kigeni kuleta bidhaa, mambo yakaanza kugeuka, na katika miaka iliyofuata mitumba ikaingia kwa wingi.

Mitumba hiyo ndiyo iliyoivunja hesabu ya wale wasemao kwamba kushona ni kuokoa fedha. Nendeni soko la Karume, si mbali na Kariakoo. Liliungua Januari 2022, nalo likarudi. Belo likifunguliwa, gauni la mtoto la kitambaa kizuri, lenye zipu na bitana, huweza kuuzwa kwa bei ndogo kuliko kitambaa kipya ambacho mama angekikata kushona gauni kama lile, nami bado sijahesabu uzi, zipu na vifungo. Wakuu wa Jumuiya ya Afrika Mashariki walikubaliana mwaka 2016 kuiondoa mitumba kidogo kidogo mpaka mwaka 2019. Marekani ilitishia kuwanyima nafasi ya kupeleka bidhaa kwake bila ushuru. Wengine wakarudi nyuma, na Rwanda iliyoshikilia neno lake ilinyimwa nafasi hiyo kwa nguo zake mwaka 2018. Kama serikali hizo zilishindwa kushindana na mitumba, yawezekanaje mama mmoja ashindane nayo usiku, katika chumba cha kupanga, akiwa na usingizi?

Tena fikirini usiku wenyewe. Mama auzaye mboga au chakula sokoni huamka kabla ya mapambazuko. Hurudi jioni, hupika, huosha vyombo, huwaogesha watoto. Mwalimu kama mimi huongeza madaftari ya kusahihisha. Saa tatu ya usiku ndipo apatapo nafasi ya kuketi. Shati moja la shule lina mgongo, sehemu mbili za mbele, mikono miwili, kola, mfuko, vifungo na matundu yake. Kwangu ni kazi ya jioni tatu, na kola hunipotezea nusu ya jioni moja peke yake, maana ikipinda kidogo mtoto huonekana ana shingo ya upande. Cherehani kimebanwa kati ya kitanda na kabati. Kikiwa cha mguu, jirani husikia mlio wake ukutani. Kikiwa cha umeme, umeme ukikatika kimekuwa meza tu. Saa hizo za usiku hapana mtu azihesabuye. Asemaye kwamba mkewe ameokoa bei ya shati na amwulize kwanza kwamba ameilipia kwa kitu gani.

Wala si nguo peke yake. Mapazia, foronya, chandarua kilichotoboka, kuta za kupaka rangi kabla ya Krismasi, kiti kilicholegea mguu, yote humngoja huyo huyo. Hapa nataka mtazame jambo moja. Kiti kikilegea, na baba akachelewa miezi miwili, mama huchukua nyundo na misumari akakikaza. Hapana mtu asemaye kwamba kazi ya kiume imeharibiwa. Lakini baba akishika sindano nyumbani mwake, ndipo desturi hukumbukwa na wazee huitwa.

Najua mtaniletea yule mke mwema wa Mithali sura ya 31, maana kila Jumapili ya akina mama huletwa yeye. Mleteni, nami nampenda. Lakini someni sura yote. Mwanamke yule alikuwa na wajakazi aliowagawia kazi asubuhi. Alishona nguo akaziuza kwa wafanya biashara; akanunua shamba kwa shauri lake, akapanda mizabibu kwa fedha alizozipata mwenyewe. Na mwisho wa habari yake ni amri ya kwamba aachiwe faida ya kazi yake na asifiwe mbele ya watu. Wahubiri wengi huishia penye taa isiyozimika usiku. Taa wameipenda, wajakazi na shamba wameviruka. Tena katika Kutoka, waliojaliwa ustadi wa kutarizi vitambaa vya hema takatifu ni Besaleli na Oholiabu, wanaume wote wawili.

Basi je, nasema mama asishone? Sisemi hivyo. Nasema ashone penye faida. Sare za shule zina faida, kwani ijapokuwa ada iliondolewa tangu Januari 2016, sare zimebaki juu ya mzazi, na mtoto hurefuka kila mwaka. Kwa hiyo anayeshona sketi aache pindo pana la ndani, vidole vinne, apate kulishusha mwaka ujao. Na suruali itiwe kiraka magotini kwa ndani kabla haijachakaa, si baada. Gauni la mtumba lililo kubwa likatwe, likazwe ubavuni. Shuka iliyochakaa katikati ipasuliwe, kingo zake ziunganishwe ziwe katikati, itatumika tena. Kazi hizo ni fupi, na fedha ziokokazo ni za kweli. Gauni la harusi mpelekeeni fundi barazani, alipwe haki yake.

Na kwa kuwa nimetaja harusi: sare zile za vitenge ambazo kila harusi na kila sherehe ya kwaya hututaka tuzishone, nguo ya kuvaliwa mara moja, hizo ndizo upotevu. Wanaotulaumu kwa kununua nguo za watoto ndio hao hao wanaokaa katika kamati za kuchagua kitenge.

Lakini jambo linalonisukuma kuandika halikutoka katika nyumba yangu. Limetoka darasani. Siku ya Jumatatu nikikusanya madaftari, huona mara kwa mara kwamba msichana mwenye akili hakufanya hesabu alizopewa, na kaka yake wa darasa la juu amefanya zote. Nikimwuliza, hunijibu kwamba Jumapili alikuwa akifua, akatia vifungo katika mashati ya kaka zake, akashona mfuko wa mmoja uliopasuka. Kaka amekuja shuleni nadhifu, amefaulu, anasifiwa. Mimi namtazama shati lake, na naona ndani ya zile nyuzi hesabu za dada yake. Mama aliyechoka amempa binti yake mzigo, kwa sababu hakuna mwingine katika nyumba aliyefundishwa kuupokea. Hivyo ndivyo neno lile tamu la mama mwema linavyofika mpaka kwenye mtihani wa darasa la saba.

Kwa hiyo mwaka huu nimewaagiza wavulana wa darasa langu, sawasawa na wasichana, walete kila mmoja sindano, uzi mweusi na mweupe, na shati lililokosa kifungo. Somo la Stadi za Kazi, lilipotiwa katika mtaala wa shule za msingi, halikuandikwa kwa wasichana peke yao, na sikuona sababu ya kulifundisha nusu darasa. Wavulana walicheka siku ya kwanza. Siku ya pili walianza kushindana nani kifungo chake hakitoki kikivutwa. Baba mmoja ameniandikia kwamba hakumleta mwanawe shuleni ili awe mke wa mtu. Nimemjibu kwa karatasi ndogo niliyompa mtoto, kwamba akipata nafasi apite Mtaa wa Kongo awaulize mafundi wa pale wao ni wake wa nani. Jibu sijalipata. Mtoto amekwisha kutia vifungo vinne vya shati lake, na juma lijalo tutaanza kupinda suruali.