Mzee mwenye presha si mvivu: kazi za Lusenda zimfikirie

LUSENDA, Fizi – Katika kazi za siku, mambo huwa hivi: asubuhi kapita anasoma majina, anagawa majembe na beleshi, kisha anampimia kila mtu sehemu yake ya mtaro. Kijana wa miaka 20 anapewa kipimo kilekile anachopewa mzee wa miaka 60 mwenye presha. Mzee hasemi kitu kuhusu ugonjwa wake. Anajua kwamba akisema, kesho jina lake halitasomwa.

Kunyamaza huko ni hatari, na kosa si lake.

Kambi ya Lusenda ilifunguliwa mwaka wa 2015 kwa ajili ya Warundi waliokimbia machafuko ya nchi yao. Aliyefika akiwa na miaka 50 leo amevuka 60. Pembeni yake wako wenyeji na Wakongomani waliohamishwa na vita, nao pia umri unaenda. Wote wanatafuta kazi zilezile: kulima shamba la mwingine, kufyatua matofali, kutengeneza barabara, kubeba mizigo ufukoni.

Wauguzi huwaambia wagonjwa wa presha wanywe dawa kila siku, hata wakijisikia wazima. Lakini baadhi ya dawa hizo hufanya mtu aende haja ndogo mara nyingi. Mama akiwa kazini mahali pasipo choo wala maji, ataacha dawa siku ya kazi. Mgonjwa wa sukari aliyemeza dawa yake bila kula, kisha akalima mpaka saa saba, sukari inaweza kushuka akaanguka. Mwenye pumu akiwekwa penye vumbi au moshi wa tanuru, pumzi inakata. Watu wakiona hivyo husema mzee amechoka, wakati shida ni namna kazi ilivyopangwa.

Sheria haikuwasahau. Katiba ya Kongo ya mwaka wa 2006, kifungu cha 49, inawapa wazee na watu wenye ulemavu haki ya kulindwa kwa hatua za pekee kulingana na mahitaji yao. Haikusema Mkongomani mzee, ilisema mtu. Shirika la Kazi Duniani nalo, katika pendekezo lake namba 162 la mwaka wa 1980, liliomba kazi na saa zake zirekebishwe zimfae mfanyakazi mwenye umri.

Makapita wana jibu lao: kazi ina tarehe ya kumalizika, nafasi ni chache, na vijana nao hawana kazi. Ni kweli. Lakini kila chantie ina kazi zisizohitaji mgongo wa kijana: kulinda vifaa, kuhesabu matofali, kumwagilia miche, kugawa maji, kuangalia watoto wa akina mama wanaofanya kazi. Mara nyingi hizo hupewa jamaa wa kapita wenye nguvu zao. Zikiwekwa kwanza kwa wazee na wagonjwa, kwa malipo yaleyale ya siku, hakuna kijana anayepoteza nafasi na mtaro haucheleweshwi.

Mengine ni madogo zaidi. Kazi nzito ifanywe asubuhi kabla ya jua kali. Maji, kivuli na choo viwe karibu. Mtu aruhusiwe kukaa dakika chache akale na kumeza dawa. Siku yake ya kituo cha afya isimfutie jina. Na asilazimishwe kutaja ugonjwa wake mbele ya wote: karatasi ya muuguzi inayosema tu kazi asizoweza inatosha.

Mashirika yanayoleta kazi hizi yaandike mambo haya kwenye mpango kabla ya kuchagua vibarua, na kamati za wakimbizi na machifu wa vijiji wayadai. Familia nazo zisimwambie baba au mama afiche ugonjwa ili apate franka za siku moja. Akianguka mtaroni, franka hizo hazitatosha kumfikisha hospitali ya Baraka.