Masafa mapya, simu zilezile

Novemba 2014 Rwanda ilizindua 4G kwa utaratibu wa kipekee. KT Rwanda Networks, kampuni ya ubia kati ya serikali na KT ya Korea Kusini, ilipewa haki ya kujenga mtandao huo peke yake na kuuza huduma kwa jumla. MTN na wenzake walinunua kwake, ndipo wakawauzia wateja. Kufikia 2018 mawimbi yalikuwa yamewafikia zaidi ya asilimia 90 ya wananchi. Hata hivyo, watumiaji wengi wa intaneti waliendelea na 3G.

Ukiritimba ulichangia, na mwaka 2023 MTN ilipewa leseni ya kuendesha 4G yake. Lakini kikwazo kingine kilikuwa mkononi mwa mteja: simu yenyewe.

Hapo ndipo Tanzania na Kenya zinapaswa kutazama sasa. Vodacom ilizindua 5G nchini Tanzania Septemba 2022, na Safaricom ikafuata Kenya mwezi uliofuata. Ni hatua ya kupongezwa. Ila kwenye meza ya mama ntilie, mteja mwenye kitochi bado anabonyeza *150*00#, anafuata menyu, anaweka namba ya siri, na hela ya wali inaingia. Hakuhitaji bando. Kwenye kitochi hicho malipo yamepita katika 2G ya GSM, teknolojia iliyoanza kutumika kibiashara Finland mwaka 1991. Anayefikiria kuizima ili masafa yake yapewe vizazi vipya ajue kwamba anagusa riziki za watu.

Njia ya kuwavusha watu hawa inajulikana: simu janja wanayoimudu. Mwaka 2021 Tanzania iliziondolea simu hizo VAT, na mwaka uliofuata kodi ikarudishwa. Kenya ilichagua njia nyingine; Oktoba 2023 kilifunguliwa kiwanda Athi River cha kuunganisha simu za 4G za bei nafuu.

Serikali zisiishie kuhesabu minara. Leseni za masafa ya 5G ziambatane na sharti la kukopesha simu za 4G kwa malipo madogo madogo, na 2G isizimwe wilayani ambako vitochi bado ni vingi. Tanzania nayo iondoe tena VAT kwenye simu janja, safari hii kwa miaka mitano, ili waagizaji wapange biashara na nafuu ifike hadi maduka ya Sumbawanga.