Gesi ya Mtwara: Opereta akiondoka, ujuzi wa visima unabaki na nani?

Leseni ya kuzalisha gesi Songo Songo, Kilwa, ilitolewa Oktoba 2001 kwa miaka 25, yaani hadi Oktoba 2026. Ile ya Mnazi Bay, Mtwara, ilitolewa Oktoba 2006 nayo inafika ukomo 2031.

Mjadala mkubwa umekuwa ni nani apewe leseni na serikali ichukue asilimia ngapi. Kuna swali jingine ambalo halisikiki sana: wale mafundi wanaojua tabia ya kila kisima, ujuzi wao umeandikwa wapi, na nani mwingine anaruhusiwa kuusoma?

Kwa vijana wa Masasi na Newala, hili si jambo la wataalamu wa Dar es Salaam peke yao.

Masasi na Newala zinaingiaje hapa?

Wilaya hizi mbili hazina kisima cha gesi kinachozalisha. Visima viko pwani, Msimbati, na ugunduzi mpya uko Ntorya, Mtwara Vijijini. Hata tozo ya huduma inakwenda kwa halmashauri zenye visima, siyo kwa jirani.

Kwa hiyo kitu kinachoweza kupanda barabara ya kilomita 210 ya Mtwara–Newala–Masasi na kufika nyumbani kwa mtu ni ajira yenye ujuzi. Kazi za kibarua za wakati wa ujenzi huisha ujenzi ukiisha.

Historia inaonya pia. Januari 2013, siku ambazo mkoa mzima ulikuwa umechemka kuhusu bomba la gesi kwenda Dar, ghasia zilizuka Masasi. Chanzo cha siku ile kilikuwa ugomvi wa bodaboda na polisi, lakini hasira ilikuwa imeshajaa. Ofisi za serikali na nyumba za viongozi zilichomwa, watu wakapoteza maisha. Watu walitaka kujua: gesi ikiondoka, sisi tunabaki na nini?

Sehemu tatu, opereta watatu

Songo Songo inaendeshwa na PanAfrican Energy. Mnazi Bay iko chini ya Maurel & Prom ya Ufaransa yenye hisa asilimia 60, huku TPDC ikiwa na 40. Ntorya, ambako gesi iligunduliwa 2012, iko kwa ARA Petroleum ya Oman, na leseni yake ya uendelezaji ilitolewa 2024.

Kila opereta ana miongozo yake ya ndani. Kampuni kubwa duniani huhakikisha kilichojifunzwa kwenye kisima kimoja kinafika kwenye visima vyake vyote. Ishu ni kwamba ujuzi huo unazunguka ndani ya kampuni. Hauvuki geti kwenda kwa jirani.

Kisima kina tabia zake

Kwa lugha nyepesi, kisima cha gesi si bomba la maji la kufungua na kuondoka. Ukikifungua kwa pupa, kinaweza kuanza kutoa mchanga na maji. Mwendeshaji anaangalia presha kwenye mdomo wa kisima, na presha kati ya bomba la ndani na la nje. Ikipanda pasipotarajiwa, huenda kuna mahali panapovuja.

Songo Songo ililijua hilo kwa gharama. Gesi ile iligunduliwa 1974, na baadhi ya visima vyake vya zamani vilikutwa na kutu kwenye mabomba ya ndani. Vingine vilisimamishwa mpaka vilipofanyiwa ukarabati mkubwa.

Kisima cha kwanza cha Mnazi Bay kilichimbwa 1982. Somo la kutu la Songo Songo linakihusu moja kwa moja. Linaihusu na Ntorya, ambako kuna nafasi ya kupanga mapema kabla uzalishaji haujaanza.

Namba peke yake hazitoshi

Sheria ya Petroli ya 2015 inasema takwimu za utafutaji na uzalishaji ni mali ya serikali, na PURA ndiyo inazitunza. Sheria hiyo pia inawataka wenye leseni wawe na mpango wa kuajiri na kufundisha Watanzania.

Ni hatua kubwa, lakini namba inaonyesha presha ilishuka lini. Haielezi fundi wa zamu aligundua nini, alifanya nini kwanza, na kwa nini hakufanya kile kingine. Hilo linakaa kichwani mwake, na mkataba wake ukiisha anaondoka nalo.

Dunia imeona madhara yake. Julai 1988, kwenye jukwaa la Piper Alpha, Bahari ya Kaskazini, zamu ya usiku iliwasha pampu bila kujua kwamba vali yake ya usalama ilikuwa imetolewa kwa matengenezo. Watu 167 walikufa. Taarifa ilikuwepo, ila haikuwafikia waliotakiwa kuijua.

Norway ilichukua njia nyingine. Kampuni zinazoshindana huko zimekaa pamoja na kuandika viwango vya NORSOK, kikiwemo D-010 kinachohusu usalama wa visima. Zinagombania leseni, lakini namna ya kulinda kisima ni ya wote.

Korosho imeshaonyesha njia

Kusini si wageni wa jambo hili. Mkulima wa Newala na wa Masasi hawapulizi salfa kwa kubahatisha. Wanafuata maelekezo yaliyotokana na utafiti wa Naliendele dhidi ya ubwiriunga. Ghalani nako, korosho hupangwa daraja la kwanza au la pili kwa vigezo vilevile, iwe kwa AMCOS za TANECU au za MAMCU. Wakulima wako mbalimbali, kanuni ni moja.

Kwenye gesi, wa kuunganisha yupo. TPDC ina mkono kwenye mikataba yote mitatu, na kampuni yake tanzu ya GASCO inaendesha mitambo ya Madimba na Songo Songo pamoja na bomba lililozinduliwa Oktoba 2015. PURA ina nguvu ya usimamizi.

Kampuni zitasema kuna siri za biashara, na ni kweli zipo. Lakini namna ya kukabidhiana zamu, kupima uvujaji au kukabili kutu haiondoi faida ya mtu yeyote.

Kipimo cha kweli

Kiwango kimoja cha taifa kikiandikwa, kwa Kiswahili pia, kinaweza kuwa mtaala. Miaka ya 2010 VETA Mtwara ilishirikiana na VSO na kampuni ya BG kupandisha mafunzo yafikie viwango vya sekta. Kijana wa Newala mwenye cheti cha kiwango hicho angeweza kufanya kazi Msimbati leo na Ntorya kesho, bila kuanza upya kila opereta akibadilika.

Kiwango kisipoandikwa, mwaka 2031 mazungumzo ya Mnazi Bay yataanza na serikali ikiwa na takwimu zote mkononi, huku ikimtegemea anayeondoka kueleza kisima kinafunguliwaje.