Unasoma Kemia? Kazi ipo, swali ni mashine umeishika lini

Mwambie shangazi yako kule ocha kwamba unasoma Kemia chuo kikuu, na swali linalofuata utalijua kabla hajafungua mdomo: "Sasa kemisti utafungua lini?" Kwake, na kwa Wakenya wengi, kemisti ni lile duka la dawa kando ya steji. Unamweleza kwamba wenye maduka hayo ni wafamasia, wana bodi yao na leseni yao, na digrii yako haikuruhusu kukaa nyuma ya ile kaunta. Maabara ya hospitali nayo ina bodi yake, na wewe humo pia huingii. Shangazi anakutazama kwa huruma. "Kwa hivyo unasomea nini hasa?"

Tusimcheke. Ndani ya madarasa ya Kemia kuna wasee wengi wanaojiuliza swali hilo hilo kimyakimya. Walitaka Udaktari au Famasia, pointi zikapungua kidogo, KUCCPS ikawaleta huku. Mwaka wa kwanza wanapita na kalkulasi na titresheni, mwaka wa pili wanaanza kusikia kwamba "Kemia haina kazi", na kufikia mwaka wa nne washaamini.

Mimi siamini, ila sitakudanganya kwamba kazi zimepangwa foleni zikikungoja. Nchi hii inahitaji wanakemia kuliko inavyokiri. Kinachowaangusha wahitimu ni kwamba wanatoka kampasi wakijua kemia ya ubaoni, huku mwajiri akitafuta mtu aliyewahi kushika mashine.

Anza na habari ambazo wewe mwenyewe umezisoma. Februari 2024, watu 17 walikufa Kirinyaga baada ya kunywa pombe yenye sumu, na ikadaiwa kwamba pombe hiyo ilitoroshwa kutoka kituo cha polisi ilikokuwa imewekwa kama ushahidi. Nyuma zaidi, mwaka 2004, sumukuvu, yaani aflatoksini, iliua watu 125 Ukambani waliokula mahindi yaliyoota kuvu. Novemba 2019 KEBS ikapiga marufuku chapa 5 za unga kwa sababu ya sumu hiyo hiyo, na Machi 2021 serikali ikazuia mahindi ya Tanzania na Uganda mpakani, jambo lililozua mvutano wa majirani kwa siku kadhaa. Katika visa hivi vyote jibu lilitegemea mtu mmoja ndani ya koti jeupe aliyechukua sampuli, akaiyeyusha, akaipitisha kwenye mashine na kusema: hii imepita kiwango, hii haijapita. Kiwango chenyewe cha aflatoksini kwenye mahindi ni sehemu 10 kwa bilioni. Hicho hukipimi kwa macho wala kwa bureti ya shule.

Tatizo ni kwamba tunamkumbuka mtu huyo wakati maiti zishahesabiwa. Mkemia wa Serikali, KEBS na maabara ya taifa ya kupima ubora wa dawa huajiri kwa mafungu madogo, na tangazo likitoka maombi yanamiminika. Ukiweka matumaini yako yote kwenye tangazo la serikali, utazunguka na bahasha ya khaki hadi soli ziishe.

Kwingine, hata hivyo, kuna mlango ambao komredi wengi hawaubishi kwa sababu hauna jina la "Kemia" juu yake. Chukua parachichi na mishiri. Soko la Ulaya lina viwango vikali vya mabaki ya dawa za wadudu, na mzigo ukipatikana umevipita unakataliwa. Mwaka 2013 Ulaya iliamua kukagua asilimia 10 ya shehena za mishiri na njegere kutoka Kenya, na wauzaji wakapata hasara si haba. Tangu hapo kupima mabaki si anasa. KEPHIS ina maabara yake ya kemia, na kuna maabara za kibinafsi Nairobi zinazoishi kwa kazi hiyo.

Halafu kuna Olkaria. Mvuke wa ardhini ndio chanzo kikubwa kuliko vyote cha umeme wetu, na kila kisima kinahitaji mtu wa kupima silika, kloridi na gesi zinazotoka nacho, la sivyo mabomba yanaziba kwa magamba ya mawe. Iceland imekuwa ikiwapokea Wakenya kwa kozi ya miezi 6 ya mvuke huo, na kemia ya maji ya visimani ni moja ya fani zake. Lakini hupelekwi kutoka kampasi. Unapelekwa ukiwa tayari umeajiriwa kwenye sekta. Ongeza magadi kule Kajiado, viwanda vya dawa, rangi, sabuni na mafuta ya kula vya Industrial Area na Mombasa Road. Kila kimoja kina chumba kidogo cha kudhibiti ubora, na humo ndani kuna mtu wa zamu ya usiku ambaye pengine alisoma kile unachosoma.

Sasa tuje kwenye kidonda. Mtu wa zamu ya usiku anatumia HPLC, GC-MS au AAS. Mashine hizi zinagharimu mamilioni, na vyuo vyetu vya umma vimelemewa na madeni. Ambapo mashine ipo, mara nyingi ni moja, ni ya wanafunzi wa uzamili, au imeharibika na kipuri kinasubiriwa. Wewe wa digrii ya kwanza unaonyeshwa kupitia mlango wa kioo, unachora mchoro wake kwenye mtihani, unapata A. Mwaka 2025 mgomo wa wahadhiri uliposimamisha masomo kwa siku 49, mwanafunzi wa Historia angalau alibaki na vitabu vyake. Wa Kemia alibaki na nini? Titresheni haifanyiki YouTube.

Ndiyo maana nasema atachimenti ni muhimu kuliko kozi yoyote ya mwaka wa tatu. Kwa bahati mbaya, wengi tunaitafuta kama muhuri wa kujaza kitabu. Yangu, katika kampuni ambayo sitaitaja, niliosha vyombo vya kioo kwa wiki 8 na kuandika "nilisaidia uchambuzi" kila Ijumaa. Msimamizi alitia sahihi bila kusoma. Nilipokuja kuulizwa kwenye usaili jinsi ya kujua kwamba matokeo ya mashine yanaaminika, nilijibu "nitarudia". Wale watu watatu walitazamana. Walichotaka kusikia ni habari ya kupima sampuli tupu, sampuli ya kiwango kinachojulikana, na rekodi ya lini mashine ilisawazishwa mara ya mwisho. Mambo ambayo yule fundi niliyekuwa nikimwoshea chupa aliyafanya kila asubuhi mbele yangu, nami sikuuliza.

Kwa hivyo ukipata nafasi, usikubali kukaa kwenye sinki wiki zote. Omba siku moja tu ukae na mwenye mashine. Omba kusoma zile faili za ubora. Maabara nyingi zinazotoa matokeo ya kutambulika hufuata kiwango cha ISO/IEC 17025, na KENAS ndiyo inayozikagua na kuzipa ithibati. Anayeingia kwenye usaili akijua kiwango hicho kinataka nini, hata bila kuwa na cheti chake, tayari yuko mbele ya foleni. Na mradi wa mwaka wa nne usiwe ule wa kunakili wa mwaka uliopita. Chagua unaohitaji kipimo halisi, hata kama ni risasi kwenye maji ya kisima cha mtaani kwenu, kisha umlazimishe msimamizi wako akuandikie barua kwa taasisi yenye mashine. Wengine watakataa. Andika kwa nyingine. JKUAT imewahi kuwa na mafunzo mafupi ya GC-MS yanayoungwa mkono na Royal Society of Chemistry ya Uingereza, na nafasi kama hizo hutangazwa kwenye ubao wa idara, pale ambapo hakuna anayesoma.

Darasani je? Ualimu huwa unazungumziwa kama adhabu, na sijui kwa nini. Januari 2026 wanafunzi wa kwanza wa CBE waliingia Gredi ya 10, na mkondo wa sayansi hauendi bila walimu wa Kemia. Ukiwa na BSc, diploma ya uzamili ya ualimu inakuwezesha kusajiliwa na TSC, mradi ulipata C+ ya KCSE kwenye masomo 2 unayotaka kufundisha. Kuajiriwa kwa kudumu ni hadithi nyingine, waulize walimu wa mkataba.

Kuna pia wale wanaotaka kuendelea na vitabu. Kasarani, dakika chache kutoka uwanjani, icipe ina watafiti wa kemia ya wadudu. Hao ndio walioiga harufu ya kuro, swala ambaye mbung'o humkwepa, wakaiweka kwenye kola ya ng'ombe ili mbung'o wamkwepe naye. Hiyo ni kemia hai kabisa, na ni ya hapa hapa. DAAD ya Ujerumani hufadhili uzamili na uzamifu ndani ya kanda hii, kwa hivyo si lazima upande ndege. Ukitaka kupanda, kumbuka vyuo vingi vya umma Ujerumani havitozi karo, ila viza inadai uonyeshe pesa za kujikimu mwaka mzima kwenye akaunti maalum, zaidi ya Sh1.5 milioni. Hapo ndipo ndoto nyingi hufia.

Marekani ni kinyume. Huko idara nyingi za Kemia huchukua watu wa PhD moja kwa moja kutoka digrii ya kwanza, hulipia karo na kukupa posho ukifundisha maabara za wanafunzi wao. Vyuo vingi hufunga maombi kati ya Desemba na Januari, na vingi husamehe ada ya maombi ukiandika kuomba. Wakenya wamepita njia hiyo kwa miaka. Lakini mwaka 2025 imebanwa: fedha za utafiti zilikatwa, baadhi ya vyuo vikapunguza nafasi, na usaili wa viza za wanafunzi ukasimamishwa kwa wiki kadhaa. Njia haijafungwa, ila si ya kutegemewa peke yake. Na profesa wa huko akifungua barua yako, atauliza kile kile walichoniuliza mimi: umetumia mashine gani, na umepima nini nayo?

Kama uko mwaka wa pili, una likizo mbili ndefu kabla ya swali hilo. Barua za atachimenti zinaanza kujibiwa miezi mitatu au minne kabla, na nafasi zenye mashine huisha kwanza.